Mshono wa Bafu la Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na miwili fundi huyu alikuwa ameziba kingo za mabafu na masinki ya watu, na kazi yake ilidumu. Ni nyumba moja tu iliyomtia aibu, na nyumba hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake. Mara mbili alipaka silikoni pale bafu linapokutana na vigae, na mara zote mbili haikumaliza wiki mbili kabla ya kubanduka yote kama ganda la ndizi. Mashemeji wakampa jina: Bandika-Bandua.

"Mara ya tatu ndiyo ya mwisho," mama mkwe alimwambia kwa upole uliochoma kuliko matusi. "Ikibanduka tena, baba, nitaita fundi wa mbali. Usinichukie."

Siku hiyo alifika saa nzima kabla ya wakati, maana usingizi ulimpaa. Akamkuta mama mkwe amepiga magoti bafuni, kitambaa mkononi, anasugua ukingo wa bafu mpaka unang'aa.

"Umeniwahi! Nilitaka ukute pasafi, kama siku zote."

"Kama siku zote? Unasugulia nini, Mama?"

"Polishi ya meza. Kwani nikuache ufanye kazi kwenye uchafu, mkwe wangu?"

Fundi alihisi mzigo wa miezi sita ukimshuka mabegani, na papo hapo mwingine ukapanda. Mkwe haambiwi "wewe ndiye uliyeharibu". Akakata utepe wa karatasi wenye gundi, akampa. "Hebu bandika hapo, Mama."

Utepe ukateleza, ukadondoka. Akabandika tena, ukadondoka tena.

"Silikoni nayo ni hivyo hivyo," alisema fundi taratibu. "Ikishika, inavutika kama mpira na maji hayapenyi. Ila haishiki kwenye mafuta, wala sabuni, wala unyevu. Hata silikoni ya zamani haiitaki."

Mama mkwe aliutazama utepe, akautazama mkebe wa polishi.

"Kwa hiyo Bandika-Bandua ni mimi?"

"Ni polishi, Mama."

Mama mkwe akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa bafu, na ukingo ukamtelezesha ndani, miguu juu. Walicheka wote wawili, fundi akiwa amegeukia ukutani kwa heshima.

Kisha kazi ikaanza. Alikwangua mabaki yote kwa kisu, akafuta kwa vitambaa vinne vyenye spiriti, mpaka cha mwisho kikatoka cheupe. Akaacha pakauke kabisa. Akabandika utepe juu na chini ya ufa, safari hii ukashika, akavuta mstari mmoja wa silikoni bila kupumzika, akaulainisha, akatoa utepe kabla silikoni haijaanza kuganda. Bafu zima likanuka siki, harufu ya silikoni mbichi.

"Maji yasiguse mpaka kesho saa hizi."

Mama mkwe akaweka kiti mlangoni. Mwanawe mkubwa alipokuja na taulo begani, akarudishwa akaoge kwa jirani.

Wiki tatu zilipita. Fundi alipokwenda kuwasalimu, alimkuta mama mkwe bafuni akizungumza na dada yake kwenye simu, huku kucha yake ikiuchokonoa mshono bila mafanikio.

"Siwezi kukupa Jumatano, Jumatano nimeshampeleka kwa jirani. Chukua Ijumaa. Na wewe usipasugue kwa kitu! Nasema kitu chochote! Mwache fundi wangu afanye mwenyewe."