Baba alihesabu mwaka mzima, nami nilijua hesabu hazifiki popote

Admin, jina langu ubaki nalo mwenyewe, maana hapa Gitega tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nina mume na watoto wawili. Natengeneza kompyuta kwenye duka la mama mmoja mwenye asili ya Kihindi. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa msichana, wazazi wakapata shamba Buhinyuza, kule Muyinga. Nawaandikia kwa sababu nimemfanyia baba yangu mzazi ukatili.

Mama alifariki kwa saratani ya titi. Baba, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kule kambini, akabaki peke yake, haongei, hali chakula. Siku moja alipokuja dukani nikamsimulia, kumchangamsha tu, kwamba kuna watafiti wa nje wanaotafuta dawa ya saratani na hesabu zao ni nyingi mno, kwa hiyo watu wa kawaida wanajitolea kompyuta zao zisaidie kuhesabu. Unapokea kazi kwenye intaneti, mashine inahesabu nyumbani hata bila mtandao, halafu unarudi kutuma majibu. Baba akanishika mkono. "Mwanangu, hiyo kazi ni yangu." Nikampa laptop kuukuu, akanunua paneli ya sola, akarudi nayo Buhinyuza ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Kila mwezi aliniletea ile mashine nitume majibu na kuchukua kazi mpya. Mara mbili za kwanza nilituma kweli. Mara ya tatu bosi akanijia juu: "We, hiyo machine ya papa yako iko nakula connexion yote! Mi niko na clients hapa." Hakukosea. Rafiki yangu anayefundisha shule ya Mushasha, hapa hapa Gitega, akaniambia, "Lete kwetu, wifi iko, mi nitakutumia hayo majibu, c'est pas grave, si neno." Ni mwendo mfupi tu kutoka dukani. Sikwenda. Nilikuwa nimechoka na jambo lenyewe, basi.

Ile programu inayofanya hizo hesabu ina hesabu moja ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana tayari. Sisi mafundi tunaitumia kupima kasi ya mashine, na haihitaji mtandao. Nikaiweka hiyo, ikiisha inaanza upya. Nikamwambia baba ndiyo kazi mpya.

Kwa zaidi ya mwaka baba yangu alihesabu kitu kile kile kisichomfaa mtu yeyote. Naye hakufanya mchezo. Kila mzunguko aliandika kwenye daftari umechukua dakika ngapi. Akagundua mwenyewe kwamba asubuhi kukiwa na baridi mashine inakwenda haraka kuliko mchana, akaiinua juu ya matofali mawili ipate hewa, akawa anaipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku. Akanipigia simu: "Tumepunguza dakika nne!" Mimi na mwenzangu dukani tukacheka, tukampa jina la Profesa. Siku nyingine akauliza, "Mbona jibu la mwisho ni lile lile kila mara?" Nikamjibu, "Ndiyo dalili mashine yako ni nzima, baba." Mwalimu wa hesabu huyo, akaniamini kwa sababu ni mimi.

Halafu nikaongeza la pili. Nikachapa barua kwa Kifaransa, nikaipiga muhuri wa kubuni, eti watafiti wanamshukuru na dawa iko karibu. Nilidhani nampa furaha. Akaisoma kanisani, watu wakapiga vigelegele.

Mwezi uliopita miguu ilimvimba, nikamleta hospitali hapa Gitega. Daktari akasema figo, alazwe wiki kadhaa. Baba akaanza kuvaa viatu. "Wiki kadhaa mashine ikae bure? Kuna watu wananisubiri." Nikamsihi, akakataa. Hapo nikalipuka mbele ya wodi nzima:

"Hakuna anayekusubiri! Unahesabu takataka, baba! Ile ni ya kupimia mashine, jibu lake lilijulikana kabla hujaigusa!"

Akanitazama. "Na barua?"

"Niliandika mimi."

Akavua viatu, akapanda kitandani, akageukia ukutani. Nilichotaka nikakipata, alilazwa. Tangu siku hiyo haniiti mwanangu. Nikimpelekea uji anasema, "Asante, madamu," kama ninyi mnavyomshukuru mhudumu msiyemjua.

Ndipo nikajua watu waliokuwa wakimsubiri ni akina nani. Jirani yetu mmoja kule Buhinyuza, mama wa watoto watano, ana uvimbe kwenye titi, na hakwenda hospitali kwa sababu anangoja dawa ya mwalimu. Baba alimpigia simu kutoka kitandani, akamwambia aende akatibiwe, hakuna dawa yoyote. Hakuamini. Alisema barua waliiona wote kwa macho yao. Sasa wameanza kumsema baba kanisani kwamba dawa ameshapewa, anajitibu nayo peke yake huko Gitega.

Baba ameniambia neno moja tu. "Jumapili nenda ukasimame kanisani, useme wewe." Mume wangu anakataa. Anasema nimeghushi muhuri, nitafungwa, nitafukuzwa kazi, na baba atachekwa Buhinyuza yote hadi kufa kwake.

Leo asubuhi yule mama amenipigia mimi. Hajui nilichofanya. Ameniambia, "Dada, muombe mwalimu anibakizie hata kidogo tu. Titi limeanza kutoa maji."

Nikamwambia, "Nitamuomba."

Nimeshindwa hata kwenye simu, ndugu zangu. Nitukaneni, ni haki yenu, ila mkimaliza nishaurini: Jumapili nitasimamaje mbele ya wale watu?