Ngazi Sabini na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa Taratibu alibeba wagonjwa kwa machela. Miaka sita ya mwisho aliwapandisha kwa miguu hadi wodi ya ghorofa ya tatu, maana lifti ya hospitali ilikuwa imekufa na hakuna aliyejali kuizika. Jina hilo alipewa na manesi. Hata nyumba iungue, yeye angesema tu, "Taratibu, ndugu zangu, taratibu."

Wimbo hakuutunga kwa kutafuta sifa. Mwenzake wa upande wa miguuni, aliyeitwa Dobi kwa kuwa alianzia chumba cha kufulia, alikuwa na haraka zake. Machela iliyumba na mgonjwa alishika roho mkononi. Basi Taratibu akaanza kuhesabu kwa kuimba ili waende pamoja: "Moja shika, mbili inua, mgonjwa si gunia. Ngazi sabini na mbili, lifti imelala, nani ataiamsha?" Mgonjwa mmoja akaurekodi kwa simu, kalala chali. Wiki mbili hazikuisha, ukawa unapigwa redioni, saluni, hata harusini watu wanainua viti. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Yeye hakucheka. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, na mkuu wa hospitali alikuwa amemwita.

"Umetuaibisha, tena kwa uongo," mkuu alisema. "Nimezihesabu mwenyewe. Ni sabini na moja! Kesho mkaguzi kutoka wizarani anakuja. Nionyeshe hiyo moja iliyozidi mbele yake, la sivyo uandike barua ya kuacha kazi."

Taratibu akaenda kuhesabu. Sabini na moja. Akarudia, sabini na moja. Usiku kucha aligeuka kitandani hadi mkewe akamuuliza, "Baba nanihii, kwani huwa unahesabu ukiwa mikono mitupu?"

Asubuhi alimwomba mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, ahesabu wakati yeye na Dobi wamebeba machela.

"Sawa. Nani atalala kwenye machela?" mama akauliza, akimtazama mkuu. "Mheshimiwa, wewe ni mwembamba."

Mkuu akalala na tai yake. Wakapanda wakiimba kwa sauti ndogo, kwa adabu. Kufikia ghorofa ya pili alikuwa ameng'ang'ania kingo za machela, macho yamemtoka. Ngazi ya sabini na moja ikaisha, mkuu akataka kusema. Mbele yao, mlangoni mwa wodi, kulikuwa na kizingiti cha saruji ambacho mtu mwenye miguu mizima hukivuka bila kukiona.

"Inua!" Taratibu na Dobi wakasema kwa pamoja.

Machela ikapanda, ikatua ndani.

"Sabini na mbili," mkuu akasema kwa sauti nyembamba. "Nishusheni, jamani."

Mkaguzi akaandika. Taratibu akaegemea ukuta, akashusha pumzi mpaka mabega yakashuka. Barua ya kuacha kazi haikutajwa tena.

Baada ya miezi miwili lifti ikaamka. Wagonjwa bado humwomba wimbo, naye huimba, ila mlango wa lifti hufunguka kabla hajafika mbali, na hilo linampa raha isiyo kifani.

"Mzee, hujamaliza," bibi mmoja alimlalamikia.

"Bado imebaki moja, mama," Taratibu akamjibu. Wakafika mlangoni mwa wodi, na Dobi akainua.