Ramani Ndani ya Kopo la Maziwa

Nilikuwa nimezoea kuingia ndani ya simu kama mwizi. Sina neno lingine. Simu za miaka ile, pale Bwera, zilikuja mezani kwangu zimefungwa kwa skrubu za vichwa vya ajabu, na ndani yake kibandiko cheupe kinachokuambia kwamba ukipita hapa umeharibu kila kitu. Mimi nilipita. Nilikuwa na meza ya mbao pembeni mwa soko, mwavuli uliopoteza mbavu mbili, kioo cha kukuzia na bisibisi niliyoichonga mwenyewe kwa spoku ya baiskeli. Shule niliiachia kidato cha pili. Ufundi alinifundisha mjomba, ambaye yeye alifundishwa na vitu alivyoviharibu.

Ijumaa moja ya soko, mchana, mwendesha boda alifunga breki mbele ya meza yangu bila kuzima injini.

"Fundi, panda. Afande anakuita Mpondwe."

"Nimefanya nini?"

"Mimi najua? Amesema ukuje na vyombo vyako vyote."

Kutoka Bwera mpaka pale mpakani si mbali, lakini siku hiyo njia ilitosha kuungama dhambi zangu zote, hata ile ya betri kuukuu niliyompa katekista nikamwambia ni mpya.

Kibanda cha askari kilikuwa nyuma ya foleni ya malori. Kwenye benchi alikaa mwanamume mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, miguu mitupu juu ya simenti. Viatu na mkanda wake vilikuwa chini ya meza. Juu ya meza kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na vilivyomwagwa kutoka ndani yake: kibao cha kijani chenye mistari, kioo kidogo cha skrini, vitufe vya mpira vilivyoshikana kama mahindi, betri, nyaya, skrubu kwenye karatasi ya sigara. Na rundo la karatasi zilizokunjwa mara nyingi.

Afande alikuwa mtu mnene mwenye sauti iliyozoea uwanja wa gwaride. Aliniangalia, akamwangalia mwendesha boda.

"Nilisema fundi. Umeniletea msichana."

"Afande, si ndiye alitengeneza ile redio yako ya kusikilizia mpira?"

"Ni huyu?" Alinipima upya. "Haya. Wewe, kuja hapa. Soma hii. Ni ramani ya wapi?"

Alifunua karatasi moja. Mistari myeusi ilikuwa imejaa kote, inapinda kona, inakutana, inaachana, na vijumba vidogo kandokando, kila kijumba na namba yake. Nilielewa hofu yake. Ng'ambo ya mto wa mpakani watu walikuwa wanakimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita, na upande wetu kila aliyevuka na waya mfukoni alikuwa na maswali ya kujibu. Huyu alikuwa na waya, betri na ramani.

Mtu wa kwenye benchi akasema polepole, "Shefu, mi nilikwisha kukuambia. Ile ramani iko karte ya mashini. Haiko karte ya nchi."

"Wewe nyamaza. Nimeuliza msichana."

Nikasema, "Afande, mimi naona kama ni ya hiki kibao. Lakini acha aniambie kwanza ilikuwa kitu gani."

Basi akaruhusiwa kusema. Alikuwa mwalimu wa hesabu, anatoka Butembo. Ndugu yake aliye Ulaya alimtumia kompyuta ya mkononi ya kuchezea michezo, ndogo kama kitabu cha sala, inafunguka na kufungika. Lakini ilikuja vipandevipande.

"Balituma vipande na karatasi," alisema, kwa Kiswahili cha kwao kinachoweka "ba" pale sisi tunapoweka "wa". "Weye mwenyewe unaifunga. Nikaifunga, ikawaka, nikacheza mwaka muzima, na banafunzi banafanyia hesabu mule. Siku moja ikakataa. Nikafungua, nikashindwa kurudisha. Batu bakaniambia, Bwera iko dada moja mwenye mikono midogo."

Alikuwa anakuja kwangu. Hilo ndilo lililonichoma. Viatu vyake vilikuwa chini ya meza kwa sababu alikuwa ananitafuta mimi.

Afande akaangalia saa. "Sikia. Gari yetu inaenda Kasese saa kumi. Ikiwaka kabla ya hapo, avae viatu aende. Isipowaka, yeye anapanda gari, na hizi takataka zake zinapanda. Kule watasoma hiyo ramani wao."

"Na huko Kasese atarudi lini?"

"Mimi si nabii."

Ilikuwa saa saba na nusu.

Nikavuta karatasi ya kwanza, na hapo ndipo kiliponitokea kitu ambacho mpaka leo sijui kukisimulia vizuri. Kulikuwa na mchoro wa mkono umeshika bisibisi. Mshale ulionyesha skrubu ya kwanza. Chini, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikiweza, waliandika: anza hapa. Skrubu zenyewe zilikuwa za kawaida, za msalaba. Hakuna kibandiko cha kunifukuza. Mtu fulani, mahali ambapo sitafika, alikaa akamfikiria mwenye kutengeneza kabla kitu hakijaharibika, akamwachia mlango wazi na taa. Miaka yote ile nimeingia kama mwizi, na hapa nakaribishwa.

Kwenye kibao kila tundu lilikuwa limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Matundu mengine yalikuwa na jina lakini hayakuwa na kitu.

"Haya ni ya nini?" nikamuuliza mwalimu.

"Ya mutu mwenye atataka kuongeza kitu."

"Kitu gani?"

"Bo benyewe habakijue. Yeye njo atajua."

Nikayahesabu matundu matupu kwa ncha ya bisibisi. Askari mmoja alidhani nimeshindwa, akacheka puani.

Mistari ile, ukiigeuza kwenye jua, ilikuwa shaba. Mimi nilizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za mgodi, kabla mto wa huko haujafurika na kutuhamisha. Babu yangu alichimba shaba ile mpaka mapafu yakamkataza. Alikuwa anasema, "Tuliipakia kwa treni pale Kasese, treni ikalia, ikaenda." Ilikwenda wapi, hakuambiwa. Sasa nilikuwa nimeshika shaba iliyopigwa nyembamba kuliko unywele, imegeuzwa barabara za kupitisha hesabu za watoto wa Butembo. Si lazima iwe ya kwetu. Lakini niliishika kama ya kwetu.

Nikaanza. Kioo kina utepe wake mwembamba kama ganda la kitunguu. Unaukunja, unaupitisha kwenye bawaba, unauingiza kwenye meno ya kishikizo chake, unafunga meno. Vitufe vikalala mahali pake. Vijiti viwili vya kuongozea mchezo vikasimama. Afande alikuwa juu ya bega langu muda wote, ananuka sabuni ya kufulia.

"Unajuaje hicho kinaingia hapo?"

"Karatasi inasema, afande. Weka kidole hapa. Hii ni betri. Fuata huu mstari. Umefika wapi?"

"Kona. Halafu kijumba namba kumi na nne."

"Sasa angalia kibao. Kumi na nne ni ipi?"

Alitafuta kwa kidole kinene, akakuta. Akavuta kiti.

Saa tisa kasorobo nikabonyeza swichi. Hakuna kitu. Nikatoa betri, nikaunganisha ya simu yangu mwenyewe kwa nyaya mbili. Hakuna. Niliona vidole vya miguu ya mwalimu vimekunjwa kwenye simenti. Nje dereva wa gari la Kasese alikuwa ameanza kupima matairi kwa teke.

"Imekufa," nikasema, na nilijichukia kwa kulisema.

"Ngoja kwanza," afande akasema. "Toa kile kibao. Nipe na hicho kioo chako."

"Afande, ni kazi ya..."

"Msichana, mimi nimesoma ramani kabla mama yako hajakuzaa. Nipe."

Aliweka karatasi kushoto, kibao kulia, kioo cha kukuzia jichoni. Akaenda polepole, mstari kwa mstari, midomo inatembea. Askari wake wakaja kuchungulia, akawafukuza kwa mkono bila kugeuka. Muda ulipita. Halafu akagonga meza kwa ukucha.

"Hapa kwa karatasi njia inatoka namba kumi na nne, inapinda kushoto, inaenda mbele. Hapa kwa kibao chenu inatoka, inapinda, halafu inakatika. Mtu amechimba barabara."

Nikaangalia. Kweli. Mkwaruzo mwembamba kama kope, umekata mstari mmoja katikati.

Mwalimu akafunika uso. "Bisibisi yangu. Iliteleza siku ile. Nikasema haina neno."

"Siku nyingine usichimbe barabara," afande akasema. "Fundi, tengeneza."

Umeme pale Mpondwe ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikakimbia kwa mama wa chapati jirani na kibanda, nikaomba kuchomeka chuma changu cha kulehemu kwenye mkaa wa sigiri yake.

"Chomeka, mwanangu. Lakini chapati zangu zikinuka huo moshi wako, utazila zote, wewe na huyo afande."

Nikakwangua rangi ya kijani kwa wembe, pande zote mbili za mkwaruzo, mpaka shaba ikaonekana nyekundu. Nikachana waya wa chaja iliyokufa, nikatoa unywele mmoja wa shaba. Mara ya kwanza nilikimbia na chuma, kikapoa njiani. Mara ya pili kilikuwa moto lakini unywele ukateleza. Mara ya tatu mama wa chapati mwenyewe alibeba sigiri nzima, na mkaa wake, akaitua mlangoni.

"Munasumbua mtoto wa watu kukimbia," akawaambia askari. "Na bunduki zote hizi, hakuna hata mmoja wa kubeba sigiri."

Unywele ukashika. Nikarudisha kibao na betri yake, nikafunga skrubu mbili tu, nikabonyeza.

Kioo kikawaka cheusi. Halafu maandishi meupe yakaanza kupanda, mstari juu ya mstari, haraka kuliko jicho.

Afande akasimama. "Hiyo ni nini? Anatuma kwa nani?"

"Haitume, shefu," mwalimu akasema, ameinuka nusu kwenye benchi. "Inajiuliza. Kioo iko? Iko. Batri iko? Iko. Masikio? Iko. Kila kitu inaitika."

Afande akayaangalia maandishi yakipanda. "Kama kuhesabu askari asubuhi."

"Njo vile."

"Na asipoitika mmoja?"

"Inaandika jina yake pale."

Afande akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekutana na jeshi lenye nidhamu kuliko lake. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa sigiri. Kitu kile kiliamka na jambo la kwanza kililofanya ni kuulizia wenzake wote, hata ule unywele wangu wa chaja ukapitisha majibu.

Mchezo ulipofunguka, kijitu kidogo kikawa kinangoja pembeni mwa shimo. Mwalimu akamsukumia afande mashine kwa mikono miwili. Afande akasukuma kijiti, kijitu kikakimbia kikaingia shimoni.

"Kimekufa?"

"Kiko na roho mbili ingine."

"Huyu naye bahati yake." Akajaribu tena. Likamwangusha shimo lilelile. Askari wakakohoa sana, wote kwa pamoja.

Saa kumi gari lilipiga honi, likaondoka. Afande hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mwalimu, vaa viatu." Mwalimu alivaa bila kufunga kamba, akarudisha mkanda, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mashine akaiweka ndani ya shati, si kwenye kopo. Alipotaka kukusanya karatasi, afande akaweka kiganja juu ya ile yenye mistari.

"Hii inabaki. Nitaiandikia ripoti."

Nilisikia uchungu kama wameninyang'anya mimi. Mwalimu akaniinamia. "Usilie, dada. Benye kuitengeneza banaipana kwa kila mutu. Nitavuta ingine ku internet."

"Hata mimi wangenipa?"

"Juu ya nini bakukataze?"

Nikamwangalia akishuka kuelekea mtoni, anapita kati ya wabeba mizigo, mkono mmoja kifuani.

Baada ya miezi kadhaa, siku isiyo ya soko, afande alikuja Bwera kwenye meza yangu, amevaa kiraia. Ile redio ya mpira ilikuwa imenyamaza tena. Akaiweka mbele yangu, akavuta kigoda.

"Kabla hujafungua. Ramani yake iko wapi?"

"Hii haina, afande."

"Waliitengeneza bila ramani?"

"Wanayo. Hawatoi."

"Kwa nini?"

"Sijui. Labda hawataki tuingie."

Akaitazama redio kama mtu aliyetukanwa na mgeni nyumbani kwake. Halafu akatoa kalamu mfukoni mwa shati.

"Leta karatasi."

Nikachana ukurasa kwenye daftari langu. Nikafungua redio, nikageuza kibao kwenye jua mpaka shaba ikaonekana. Yeye akanyoosha ukurasa kwa kiganja, akachora kijumba kidogo pale juu.

"Hii ni betri," akasema. "Sasa niambie njia inaenda wapi."