Kisanduku cha Mengineyo

Kazini walimwita Rula, naye hakuchukia. Alikuwa mwanamke wa kupenda mambo yanyooke. Mstari ukienda upogo, hata kama ni pindo la pazia, hatulii mpaka auweke sawa. Tabia hiyo aliitoa kwa dada yake. Mama yao alifariki Rula akiwa bado anasoma, dada mtu akamchukua, akamlea, akamfundisha kukata kitambaa kabla hajamwamini na cherehani. Baadaye Rula akasomea usanifu wa michoro, akapata ajira katika ofisi ndogo ya watengeneza programu, ghorofani juu ya duka la matairi, ambako harufu ya mpira ilipanda ngazi kabla ya wateja.

Ofisi hiyo ilitengeneza chombo cha kuchorea. Waliokitumia hawakuwa watu, bali mawakala wa akili bandia, zile programu unazoziagiza kazi kwa maneno ya kawaida, nazo zikahangaika zenyewe mpaka ziilete. Mkurugenzi akiuliza wafanyakazi wake wamegawanyikaje, wakala hukusanya hesabu, kisha hukiita chombo kichore: kisanduku kikubwa cha taasisi nzima, ndani yake visanduku vya idara, na ndani ya idara vitengo, kila kimoja kwa ukubwa wa idadi yake.

Kazi ya Rula ilikuwa sura ya mchoro. Wakati wa majaribio, vitengo vidogo vilikuwa vikijibana pembeni, majina yakapandana, hayasomeki. Rula akaja na ufumbuzi: vyote vilivyo vidogo mno vikusanywe, vitiwe katika kisanduku kimoja cha kijivu kilichoandikwa "Mengineyo". Mchoro ukatakata. Mkuu wa ofisi, waliyemwita Mhandisi, mtu asiye mwepesi wa kusifu, alisema sasa unaweza kutundikwa ukutani. Mteja mmoja akatania kwamba hata kwenye vikao Mengineyo huja mwisho, watu wakiwa wameshashika mikoba.

Dada yake alikuwa fundi katika chumba cha ushonaji cha hospitali kubwa. Yeye na wenzake wachache walitia viraka mashuka, wakashona nguo za wagonjwa na kubana viuno vya suruali za wauguzi waliopungua. Jumapili moja alifika kwa Rula mapema kuliko kawaida, akavua viatu, akaketi, akaomba maji. Alieleza bila kupandisha sauti kwamba chumba chao kinafungwa mwisho wa mwezi. Wakubwa walikaa kikao cha kubana matumizi, wakatazama mchoro wa wafanyakazi waliochorewa na wakala, wakaafikiana idara zenye majina ziachwe, pafyekwe pale palipobaki. Karani mmoja alimrushia picha ya mchoro huo kwenye simu.

"Nimeutazama mpaka macho yameniuma," alisema. "Mapokezi yapo, maabara ipo, hata gereji ipo. Sisi sijatuona. Hebu nitafutie, wewe ndiyo mambo yako haya."

Rula akapokea simu. Hakuhitaji kutafuta. Kijivu kile alikichagua mwenyewe, baada ya kujaribu rangi nyingine na kuona zina kelele. Angeweza kusema haoni kitu, na dada yake angeamini. Lakini hakuzoea kumdanganya.

"Mko humu," alisema, akiweka kidole. "Kwenye Mengineyo. Na hiki kisanduku, dada, ni mimi niliyekiweka. Mchoro ulikuwa unajaa, nikawakusanya wadogo."

Dada akakitazama kwa muda, akazima simu.

"Ungetuandika hata jina, mdogo wangu," alisema. "Hata kwa herufi ndogo."

Hawakugombana. Walikula, wakaosha vyombo, dada akaaga jua likiwa bado kali.

Kesho yake Rula alimfuata Mhandisi na hakumung'unya maneno. Mhandisi alijitetea kwamba chombo hakikumfukuza mtu. Waliokata ni wenye kikao, na hakuna aliyewazuia kuuliza mle ndani mna nini. Rula alikubali kwamba hakuna aliyewazuia.

"Ila hatukuwapa sababu ya kuuliza," alisema.

Walivutana siku kadhaa. Hatimaye ikaamuliwa kwamba kisanduku cha kijivu kitaje majina ya vyote vilivyomo, hata kikirefuka, na wakala alazimike kueleza kwa maneno ni nini kilichokusanywa humo. Matokeo hayakupendeza macho. Baadhi ya wateja walilalamika kwamba michoro imekuwa na maneno mengi kama maelezo ya dawa. Mhandisi alinung'unika, lakini hakurudisha mambo yalivyokuwa.

Rula alipiga simu hospitali pia. Aliyepokea alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamwambia uamuzi umeshapita na mashuka yameshapewa kampuni ya nje.

Dada alikaa miezi bila kuja. Akipigiwa simu alikuwa na shughuli, na pengine kweli alikuwa nazo. Kisha akapata kazi ya kuvisha makochi katika karakana iliyo jirani na kwake, mshahara ukiwa umepungua kidogo na vitambaa vikiwa vigumu kwa vidole vyake. Jumapili zikarudi polepole, kwanza moja moja, halafu kama zamani. Habari ya mchoro haikuguswa tena. Ila zamani wageni wakimuuliza mdogo wake anafanya kazi gani, dada alikuwa akieleza kirefu, kwa majivuno. Siku hizi husema tu yuko kwenye kompyuta, akasogeza viti watu wakae.