Kuku wa Makandana

Kiwanda cha chai kilipouzwa mwaka tisini na saba, Tulinagwe alipunguzwa kazini. Hakukaa kulia. Alijenga banda nyuma ya nyumba yake Makandana, akafuga kuku wa kienyeji, na mayai yakamsomesha binti yake Vaileth sekondari. Ndipo akaja bwana afya mpya, Hezron, kijana wa Singida mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye tope letu, akabandika tangazo: marufuku kufuga kuku mjini, maana wanazurura na kuleta uchafu, mwisho Jumamosi ijayo.

Marufuku! Mji wenyewe migomba imeuzunguka kila upande, eti kuku ndio uchafu.

Tulinagwe alichukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba kwenye mvua. Wanawake walitia saini kulipinga tangazo, wasiojua kuandika wakatia dole gumba, na siku diwani alipoitisha mkutano ofisi ya kata ilijaa hadi madirishani. Hezron alisimama asome sheria. Kabla hajafungua kinywa, Tulinagwe alimwendea, akapiga magoti, akamkabidhi mtetea mwekundu, mzima kabisa.

"Mgeni wetu, hatujakukaribisha bado. Kwetu mgeni huonyeshwa mboga yake ikiwa hai. Karibu Rungwe, baba."

Zawadi haipokelewi kwa mkono mmoja. Hilo hata Singida wanalijua. Hezron alipokea kwa mikono miwili, karatasi zikamponyoka. Kumweka kuku chini hakuthubutu, maana kuku kuzurura mjini ndilo kosa lenyewe alilokuja kulikataza. Basi akasoma sheria huku amemkumbatia mhalifu, na diwani Ackson akimshikia karatasi. Watu walicheka hadi machozi. Hezron alijikaza, akashindwa, akacheka naye.

"Bwana afya," Tulinagwe akasema, sasa bila mzaha, "wangu wanakaa bandani, hawamsumbui mtu. Ukiwaondoa, mwanangu anaacha shule."

Kicheko kikakatika. Hezron alimtazama mama yule aliyelowa mvua, kisha akamgeukia diwani.

"Tuseme hivi, mheshimiwa. Mwenye banda safi, lililofungwa, afuge."

Diwani akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Ikanyooka yote, isipokuwa ya Hezron, iliyokuwa na kazi.

"Ndaga fijo!" Tulinagwe alishukuru kwa sauti, akapiga vigelegele, furaha ikamjaa mpaka akamkumbatia diwani bila kujua.

Watu walipoanza kutoka, Hezron alimsogelea, bado kamshika mtetea.

"Mama," akanong'ona, "huyu anakula nini?"