Twiga, Cherehani na Injini ya Mdomo

Enzi zetu, ndege ilipaa bila kuuliza neno la siri. Haikudai intaneti, haikusimama katikati ya safari kujisasisha, na haikututaka tukubali masharti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma. Mlifunga mlango ili kuku wa jirani asiingie, injini ikanguruma, mkaenda. Wenzangu mliokulia Mowlem, Umoja na mitaa ile yote ya Nairobi mnajua ninachosema. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi, kaeni hapo pembeni muelimike.

Ndege yetu ilikuwa cherehani ya mama. Mama alishona sare za shule za karibu mtaa mzima, na cherehani yake ilikuwa ile ya miguu ya chuma, yenye pedali pana chini inayocheza mbele na nyuma. Ilinukia mafuta ya mashine na vumbi la chaki. Mama alipokwenda soko la Gikomba kutafuta vitambaa na vifungo, akituachia amri ya kuosha vyombo, cherehani ilibadilisha kazi. Vyombo navyo vilibaki kama vilivyokuwa.

Usukani wetu alikuwa twiga. Baba alikuwa mchonga vinyago, na kuna twiga mmoja aliyemchonga vizuri kichwa, akamchonga shingo ya kupendeza, kisha alipofika kwenye miguu mti ukapasuka. Watalii, nadhani, hawapendi kununua twiga aliyekaa chini. Baba akamleta nyumbani, akatutupia, akasema, "Haya, huyu ni wenu, msinisumbue tena." Tukambana kwenye droo ya cherehani shingo ikiwa juu. Ukimvuta shingo nyuma, ndege inapanda. Ukimsukuma mbele, inashuka. Ukimlaza upande, abiria wote wanajilaza upande huo bila kuambiwa. Hatukusoma mahali popote wala kutazama video ya mzungu anayeongea saa nzima kabla ya kugusa kitu.

Rubani alikuwa kaka yangu Musyoka. Mguu wake wa kulia ulikataa kazi tangu akiwa mchanga, na katika michezo mingine ya mtaa hilo lilimuweka kando. Kwenye blada, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, hakuruka. Kwenye mpira wa majuala, ile mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, aliwekwa golini, wakamlaumu kwa kila bao. Kwenye kati, ambako unasimama katikati na kukwepa mpira, alikuwa wa kwanza kupigwa. Lakini pale kwenye cherehani hakuna aliyemfikia, kwa sababu pedali ya cherehani haijali una miguu mingapi. Shida yake ilikuwa moja tu: kusukuma aliweza, lakini akitaka kuivuta irudi, mguu uliteleza ukatoka.

Siku mama alipotufumania tulijua tumekwisha. Alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani, akatutazama, akamtazama twiga. Kisha akatua mzigo, akachukua ukanda wa sare uliokuwa umebaki, akapiga magoti na kuufunga mguu wa kushoto wa Musyoka kwenye pedali. "Sasa ukisukuma inaenda, ukivuta inarudi," akasema. "Na mkinivunjia cherehani, Krismasi mtavaa magazeti." Huo ndio uliokuwa mtihani wetu wa urubani. Tukafaulu sote.

Mimi nilikuwa injini. Msicheke, ilikuwa kazi yenye heshima. Nilikaa sakafuni nyuma ya rubani na kunguruma kwa mdomo kuanzia ndege inapowashwa mpaka inapotua, midomo ikafa ganzi na mate yakaniloanisha kifua. Abiria walikuwa watoto wa Mama Achieng, jirani yetu, ambao kila siku walitaka kupelekwa Kisumu kwa bibi yao. Sisi tulitaka Kitui kwetu. Kwa kuwa wao walikuwa wengi na wenye makelele, ndege ilitua Kisumu siku zote, na nilishangaa kila mara kuona kwamba Kisumu inanukia chai yetu na mkate wa siagi. Mama alikuwa akiita kutoka jikoni, "Injini, zima, njoo unywe chai!" Rubani na abiria walifuata baadaye.

Halafu mgeni akaja shuleni kwetu. Alikuwa rubani wa kweli, shati jeupe, viatu unavyoweza kujitazama ndani yake. Alituambia tuote ndoto kubwa, maana hewa ya bure ndiyo wageni huleta mashuleni. Musyoka akainua mkono, akasimama, akasema yeye atakuwa rubani. Yule bwana akamtazama kuanzia juu, macho yakafika chini, akatabasamu vizuri sana. "Rubani ni miguu miwili, kijana," akasema. Darasa likacheka. Na mimi nilikuwa pale mbele, nimeletwa na darasa letu la wadogo, nikayasikia yote.

Jioni hiyo Musyoka aliufungua ule ukanda kwenye pedali mwenyewe, akaukunja, akampa mama. Hakulia. Afadhali angelia. Kuanzia hapo cherehani ikawa cherehani, na mimi nikabaki injini isiyo na ndege. Nilimchukia yule mgeni, na ingawa nimeokoka na kina mama wenzangu kanisani ni mashahidi, bado namchukia kidogo.

Musyoka akasoma, akawa karani, akawa karani mzuri, akastaafu mwaka huu. Ofisini walimpa saa ya ukutani, maana mtu ambaye hana tena pa kuwahi ndiye hasa anayehitaji kujua ni saa ngapi. Binti yangu Mutheu na binamu zake waliona haya kwa niaba ya ofisi. Walikuwa wamemwona mjomba wao akitoka nje kila ndege inapopita, akiitazama mpaka ipotee. Wakamnunulia mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, pamoja na usukani wa kijiti na pedali zake za miguu. Wao huita joistiki. Sisi tulimwita twiga.

Basi Jumamosi moja tukakutana Mowlem, katika nyumba ile ile ya mama, ambako Musyoka anaishi sasa. Nilipita soko la Burma nikanunua nyama ya kuchoma, nikidhani tutarusha ndege, tule, tuondoke. Nilikuwa nimesahau hiki ni kizazi gani. Mutheu aliweka kile kijiti juu ya meza ya cherehani, ambayo siku hizi imepanda cheo na kubeba televisheni, akaunga nyaya, akasema, "Mum, ngoja kidogo tu niseti." Nyama ikapoa. Ugali ukaota ngozi. Ndege ilikuwa bado inajisasisha.

Ilipomaliza, kijiti kilikuwa kinyume. Musyoka alivuta nyuma, ndege ikainamisha pua chini. Mutheu akasema ni mambo ya kawaida, lazima uiambie mashine juu ni wapi na chini ni wapi. Yaani ndege ya kisasa yenye akili yote hiyo haijui juu ni wapi! Twiga wetu hakuwahi kutuuliza swali kama hilo, na alikuwa hana hata miguu.

Kisha pedali zikaanza kuteleza kwenye vigae, zikienda mpaka chini ya kochi. Mutheu akasema kuna mkeka maalumu wa kuzizuia, unaagizwa. Nikaleta mtungi wa gesi kutoka jikoni, nikauweka nyuma yake. Zikatulia.

"Mum, hiyo si safe," akasema.

"Na hii ndege yako inayopaa kichwa chini?"

Aliendelea kusoma maagizo kwenye skrini, akimtafsiria mjomba wake kwa sauti. Sukuma kijiti mbele. Vuta. Laza kushoto. Musyoka alikuwa ameinama, uso umechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwake miaka mingi. Hapo Mutheu akasoma agizo lililofuata bila kufikiri.

"Sasa anko, kanyaga pedali zote mbili, miguu miwili, mpaka mwisho."

Akasikia alichosema. Musyoka alitazama maneno yale kwenye skrini, kisha akatoa mkono kwenye kijiti taratibu, kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwingine.

"Hata hii imejua," akasema. "Wacha tu, Mutheu. Mmejaribu. Hebu tule."

"Anko, si hivyo, ni software tu, naeza..."

"Nimesema tule."

Sikutaka kula. Nilimwona tena yule bwana wa shati jeupe, safari hii ameingia ndani ya televisheni yetu, anatabasamu. Nikasema moyoni, si mara ya pili, si katika nyumba ya mama yangu. Nilikuwa nimevaa gauni la mkutano wa kina mama, lenye mkanda wa kitambaa hicho hicho. Nikaufungua mkanda, nikapiga magoti kwenye vigae, magoti yakalalamika mpaka nje wakasikia, nikaufunga mguu wa kushoto wa kaka yangu kwenye pedali. Viatu vyake vinanuka kuliko enzi zile.

"Mwikali, unafanya nini?"

"Sukuma."

Akasukuma. Pedali ya kushoto ikaenda, ya kulia ikarudi yenyewe.

"Vuta."

Akavuta. Ya kushoto ikarudi, na ile ya kulia, ambayo hakuna mguu ulioigusa, ikaenda mbele mpaka mwisho. Kwenye skrini mshale ukatembea kushoto, ukatembea kulia, kisha ikatokea alama ya kijani.

"Aki zimeshikana!" Mutheu akapiga kelele. "Sasa ni breki tu za kwenye pedali ndizo zinataka miguu miwili. Ngoja, nazitoa huko chini, nazileta hapa kwenye kifungo cha kijiti, kazi ya kidole. Anko, ukibonyeza hii, ndege inasimama. Imeweza!"

Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Siku zote ilikuwa ni kuhamisha breki na kufunga ukanda, kazi ya dakika chache. Niliwaza kuhusu mvulana aliyeukunja ukanda wake akampa mama, na nikalazimika kujifanya nakagua mtungi wa gesi.

Mutheu akampanga kwenye uwanja wa Nairobi, njia ya ndege iko mbele yake, nyeupe na ndefu. "Twende wapi, anko? Dubai? London? Dunia yote imo humu."

"Kisumu," akasema Musyoka, hata hakufikiri. "Kuna abiria."

Mutheu akanitazama kutaka maelezo. Sikumpa. Musyoka akashika kijiti, akaipa ndege mafuta, kila kitu kwenye skrini kikaanza kutetemeka bila sauti yoyote. Mutheu akaanza kubonyeza huku na huku, akisema spika haijaungana, nipeni dakika, ni settings tu. Ndege ilikuwa inakimbia kimya kabisa. Kaka yangu, bila kugeuza kichwa, akasema, "We Mwikali, unangoja nini?"

Nilikuwa tayari niko sakafuni. Nikanguruma. Nina wajukuu wawili, presha, na meno ambayo si yangu yote, nikanguruma mpaka midomo ikafa ganzi. Alipohitaji mwendo nikapandisha. Akavuta kijiti, pua ikainuka, akasukuma mguu kidogo, ndege ikageuka kushoto polepole juu ya mji, na akaanza kutafuta paa la nyumba yetu kule chini, akilia bila kuficha.

Watoto wa leo wana ndege za kila aina, zenye kila kifungo, na dunia nzima ndani ya televisheni. Sisi tulikuwa na moja tu, ya kushonea sare, iliyojua mji mmoja. Lakini ilikuwa imefungwa kwa mkono wa mtu aliyetutazama kwanza, akaona tulivyo, ndipo akaamua itakavyorushwa. Hilo sijaliona kwenye settings.

Tulikuwa juu ya mawingu wakati televisheni iliponguruma ghafla, ngurumo nzito, safi, ya ndege ya kweli.

"Imekubali!" Mutheu akashangilia. "Mum, sauti iko poa sasa, unaeza wacha."

"Zima hiyo yako," Musyoka akamwambia. "Injini iko hapa."