Katibu wa Mvua

Leo nacheka kwa sababu waliokuwepo wengi wameshanizoea, lakini jamani, aibu niliyoipata siku ile chuoni ilinifanya nipite njia ya nyuma ya jikoni kwa mwezi mzima, tena mimi, Katibu wa Chama cha Hali ya Hewa, mtu niliyezoea kukata katikati ya uwanja na daftari kwapani ili nionekane.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Tanga. Chama chetu kilikuwa na wanachama saba, na sita kati yetu tulikuwa na vyeo: mwenyekiti, makamu wake, mimi katibu, katibu msaidizi, mweka hazina (hazina yenyewe haikuwepo) na msemaji, ambaye kila asubuhi alibandika utabiri kwenye mlango wa bwalo, "Leo huenda kukawa na mawingu au jua," na kwa utabiri wa namna hiyo hatukukosea hata siku moja. Wa saba, Elia Shemdoe, mtoto wa wakulima wa milimani kule Usambaa, hakuwa na cheo, kwa hiyo kazi ya kusoma vipimajoto asubuhi na jioni ikawa yake. Mimi nilijitwalia mvua. Tulikuwa na kipimamvua, chombo cha shaba chenye faneli juu na chupa ndani, kimechimbiwa katika shimo nyuma ya mabweni, na kila asubuhi kabla ya kengele ya darasa nilitakiwa nikaitoe ile chupa, nipime maji na niandike.

Basi asubuhi moja ya masika, manyunyu yanaanguka, nyasi zimelowa hadi magotini, nami nimejifunika shuka langu, nikawaza, hivi kweli mtu mwenye masikio yake mawili ashindwe kupima mvua inayogonga bati juu ya kichwa chake? Nikasikiliza, nikaandika: inchi sifuri nukta tatu moja. (Ile moja ya mwisho ndiyo iliyonipendeza, maana mwongo wa kawaida angeandika tatu akaishia hapo.) Kesho yake nikafanya vivyo hivyo, na keshokutwa, na baada ya wiki mkuu wa chuo akaliona daftari langu, halina mkato wala doa, akalipitisha darasani kuwa mfano wa kuigwa. Sasa hapo mtu unarudije kwenye umande?

Mara ikatangazwa kuwa mkaguzi wa hali ya hewa atatutembelea, na kwamba anatafuta mwanafunzi mmoja wa kwenda kufanya kazi katika kituo kikubwa Dar es Salaam. Kazi ile niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Nikampelekea mama habari kijijini kwetu Tongoni, si kwamba kuna nafasi, bali kwamba nimeshaipata. Siku yenyewe akaja na wadogo zake wawili, wamevaa kanga sare, wakakaa mstari wa mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Waambie wakupe na nyumba," akasema, kwa sauti iliyomfikia mkuu wa chuo.

Nikasoma historia ya chama, kurasa nne (chama kilikuwa na umri wa miaka miwili), watu wakapiga makofi, kisha mkaguzi, Mzungu mpole wa Kiswahili cha taratibu, akalifungua daftari langu. "Leo asubuhi nukta nne saba. Vizuri sana. Twende tukakione chombo." Wakainuka wote, walimu, wanafunzi, mama na mama wadogo, tukaongozana hadi nyuma ya mabweni, mimi mbele.

Shimo lilikuwepo. Chombo hakikuwepo. Ndani ya shimo alikuwemo kuku ameatamia, naye akatutazama kwa chuki, maana tulimjia wengi.

Hapo ningekiri, pengine mambo yangeishia kwenye kicheko. Badala yake nikasema, "Bwana, nilikitoa leo baada ya kupima, ili nikisugue." Mkaguzi akamtazama kuku, kisha akanitazama mimi. Na hapo hapo Mzee Mbwana, mpishi wetu, mtu mwema asiyependa kuona kijana akiadhirika, akatoka jikoni amekibeba, kinanuka mafuta ya taa.

"Usihangaike mwanangu, kiko kwangu," akasema. "Toka wale wafyeka nyasi walipoking'oa wakakiacha mlangoni, nakitumia kutilia mafuta kwenye chemli. Ila huyo kuku msimguse, leo siku yake ya kumi na tano, zimebaki sita."

Mkaguzi akarudisha kurasa nyuma, siku kumi na tano, moja moja, na kila mvua ilikuwa na nukta zake. Hakugomba. Aliuliza tu kama kuna mwanachama mwingine mwenye daftari, akaletwa Elia, na daftari lake, limekunjamana, lilikuwa na siku tatu tupu katikati.

"Hapa mbona hakuna kitu?"

"Niliumwa homa, bwana. Sikwenda kusoma."

Mkaguzi akalifunga daftari, akampa mkono, na kazi ikawa imekwenda.

Niliwasindikiza mama na wadogo zake kwa miguu hadi Ngamiani, mjini. Tulipokaribia nyumba waliyofikia, mama akauliza, "Sasa hiyo mvua ulikuwa ukiipimia wapi?"

"Kitandani, mama."

"Nami nimewaambia Tongoni nzima," akasema. "Ijumaa utakuja uwaambie mwenyewe."

Nikaenda. Nyumba ya kwanza nilieleza kwa kirefu, nikawalaumu wafyeka nyasi, nikamlaumu na kuku. Kufika nyumba ya saba nilikuwa nasema tu kwamba kazi sikupata, nilidanganya, huku mama amesimama nyuma yangu kuhakikisha siruki mlango. Nimekoma. Tangu siku ile siandiki nisichokiona kwa macho yangu, hata barua zangu hazianzi na "natumaini hamjambo," na kama jamaa wananiona sina adabu, basi na wanione.